Beji Isiyomsikia Marlys

Nilifanya kazi meza moja na Dwight Halvorsen kwa miaka mingi, kwanza kwenye kampuni ya vifaa vya watu wasiosikia vizuri, kisha kwa kijana Tobin. Nyumba zetu hapa Campbell zilipishana mitaa miwili tu. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine nilisimuliwa na binti yake, Janelle, ambaye hana tabia ya kuongeza chumvi.

Dwight alikuwa mhandisi wa maikrofoni. Alikuja California akiwa kijana kutoka Minnesota, mrefu kama ngazi, ngozi yake ikiungua kwa jua dogo tu, na majivuno yake yote yalikuwa masikioni. Gari likipita barabarani yeye akiwa jikoni anaosha vikombe, angekwambia mkanda wa injini unakaribia kukatika. Kampuni yetu ya kwanza iliponunuliwa, sisi wenye mvi tukaonyeshwa mlango. Alikaa nyumbani akituma maombi ya kazi ambayo hakuna aliyejisumbua kuyajibu. Kwa hiyo Tobin alipompigia simu na kumwambia, "Mzee, nataka masikio yako," Dwight hakuuliza maswali mengi. Akaenda, na baada ya mwezi akanivuta na mimi.

Tobin alikuwa anatengeneza beji ya kuvaa kifuani, ndogo kama biskuti, aliyoipa jina Odela. Haikuwa na kioo wala kitufe. Ukitaka kumpigia mtu, kuandika ujumbe, kujua mvua itanyesha au la, unaisemesha, nayo inakujibu kwa sauti ya binti mpole.

"Vitufe ni mambo ya babu zetu," Tobin alipenda kusema. "Mtu kapewa mdomo, autumie."

Dwight ndiye aliyeitengenezea masikio, na aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Aliivaa dukani, kanisani, kwenye foleni ya benki. Siku moja tulikuwa duka la dawa, mimi, yeye na mkewe Marlys, watu wamejipanga nyuma yetu, akainamisha kidevu na kusema, "Odela, nikumbushe dawa ya bawasiri."

"Nimekuelewa," beji ikajibu, duka zima likisikia. "Dawa ya bawasiri. Unataka ya kupaka au ya kuingiza?"

Marlys alihamia kwenye rafu ya kadi za harusi akajifanya hatujui.

"Ungeandika tu kwenye karatasi, Dwight," alimwambia tulipotoka.

"Karatasi! Baada ya miaka miwili hakuna atakayeandika kitu kwenye karatasi."

"Basi baada ya miaka miwili mji mzima utajua matako yako yana shida gani."

Hivyo ndivyo Marlys alivyokuwa. Alikuwa karani wa shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Sauti yake ndiyo iliyokuwa inaita majina kwenye vipaza sauti kila asubuhi, na watu wazima wenye ndevu walikuwa wanageuka sokoni wakiisikia, wakidhani wanaitwa kwa mwalimu mkuu.

Beji zetu ziliunganishwa Shenzhen, China, kwenye kiwanda cha mama mmoja aitwaye Qiu Yanling. Mwaka wetu wa pili kwa Tobin tulikwenda kukikagua, Tobin, Dwight na mimi. Bi Qiu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vya mazoezi, amesomea elimu ya sauti mpaka mwisho wake, na anatembea kwa kasi kiasi kwamba Tobin alikuwa anamkimbilia nyuma. Alipomaliza kutuonyesha mashine, akasema ana kitu chake mwenyewe angependa tukione.

Akatupandisha ghorofa ya juu. Kulikuwa na vyumba vidogo vidogo visivyopitisha sauti, na ndani ya kila kimoja amekaa mzee, wa kike au wa kiume, anasoma, anapiga soga, anakohoa, huku vijana wanarekodi. Wengine walikuwa wamepooza upande mmoja wa mdomo. Wengine lafudhi zao, Bi Qiu alisema, hata yeye zinamshinda. Kisha akatoa kifaa chepesi cha kubana kwenye ukosi wa shati. Kilikuwa na ulimi mdogo wa kugusa mfupa wa mtulinga, ule wa chini ya shingo, kwa hiyo kilisikia kupitia mwili na si hewani tu. Ukinong'ona, kinakupata. Na kilikuwa na kitufe pembeni.

"Watu wenu wanazeeka, wetu pia wanazeeka," alisema. "Mzee hawezi kupiga kelele, na aibu anayo. Tukitengeneze pamoja. Ninyi mna jina na soko, sisi tuna hiki."

Tobin alikuwa anasoma simu yake. Dwight alikigeuzageuza kile kifaa kiganjani, akasema, "Kizuri," kwa sauti ile unayomwambia mtoto aliyekuchorea ng'ombe.

Jioni wakatualika kula. Meza ya duara, samaki mzima wa mvuke, bata, mboga zenye kitunguu saumu, na wahandisi wa Bi Qiu wako sita au saba. Tobin alitaka kujionyesha, akamwambia Dwight aiwashe Odela itafsiri mazungumzo. Ikatafsiri kidogo, watu wakapiga makofi ya adabu, kisha kila mtu akaanza kula na beji ikasahaulika.

Dwight akamwinamia Tobin. Nilikuwa nimekaa kati yao, nilisikia kila neno.

"Hawa ni watu wa kunakili, Tobin. Ukiwapa mchoro wanafanya kazi safi kabisa. Usipowapa mchoro wanakaa tu wanakusubiri. Kile chumba cha wazee ni maigizo ya kutupandishia bei."

Beji ikayachukua maneno yote na kuyatoa kwa Kichina, taratibu, kwa ile sauti yake ya upole, katikati ya meza.

Vijiti vya kulia vilisimama hewani. Dwight akaishika kifuani kama mtu aliyeumwa na nyuki. Hakukuwa na mahali pa kubonyeza. "Odela, nyamaza," akasema. "Odela, acha! Acha, nimesema!" Na hayo nayo ikayatafsiri.

Kijana mmoja alicheka akajiziba mdomo. Bi Qiu aliweka vijiti vyake chini.

"Bwana Dwight," alisema kwa Kiingereza safi kuliko cha Tobin, "nilikusikia mara ya kwanza. Hukuwa na haja ya kurudia."

Kisha akakata shavu la samaki, ile nyama laini ya heshima, akaliweka kwenye bakuli la Dwight. "Kula, linapoa."

Dwight alikula huku uso umemwiva. Hotelini Tobin alicheka mpaka akakaa chini, akasema hiyo ndiyo hadithi ya kusimulia siku tukitajirika. Mimi nikamwambia Dwight akaombe radhi asubuhi.

"Nimekosea mahali pa kusemea," alijibu. "Nilichosema sikukosea."

Hakuomba radhi. Ndege ilipoondoka alilala.

Tuliporudi, Dwight akamvisha Marlys beji ya toleo jipya. Na beji haikumsikia.

Nilikuwepo Jumapili moja uani kwao, Dwight anachoma nyama, Marlys amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya viazi. Akasema, "Odela, nihesabie dakika za viazi."

"Samahani, sijakupata."

Akarudia. "Samahani, sijakupata." Akarudia tena.

"Toa sauti, mama," Dwight akamwambia bila kugeuka kutoka kwenye moto. "Unameza maneno."

"Nimetoa."

"Hujatoa. Noreen, wewe umemsikia?"

"Nimemsikia," nikasema.

"Kwa sababu umesimama puani mwake. Beji hii inanisikia mimi kutoka pale kwenye uzio! Tatizo si beji."

Marlys alinitazama. Akaingia ndani akapika viazi kwa kutazama saa ya ukutani.

Dwight akaanza kumfundisha. Alimsimamisha sebuleni, yeye akaenda kusimama mwisho wa korido, akamwambia asome gazeti. "Simama wima. Vuta pumzi. Tamka!" Marlys, ambaye sauti yake ilikuwa inasimamisha watoto mia nne uwanjani, akawa anasoma bei za magari mitumba kwa mumewe kama mwanafunzi mjinga. Alikubali kwa muda. Siku moja akaivua beji akaitumbukiza kwenye kopo la unga na kufunga kifuniko.

Dwight alilichukulia hilo kama tusi kwa kazi yake. "Amesusa," aliniambia ofisini. "Tangu arudishwe nyumbani na shule amekuwa wa kususa tu. Siku hizi hata kuongea hataki."

"Umemuuliza kama anaumwa?"

"Anaumwa nini? Anakula, analala."

Wakati huohuo barua za wateja zilikuwa zinamiminika. Beji inaunguza kifua. Beji inakufa betri kabla ya chakula cha mchana. Beji imesoma ujumbe wa mchepuko mbele ya mke. Watu wanaona haya kuisemesha kwenye basi. Na zaidi ya yote: haimsikii bibi yangu, haimsikii baba yangu aliyetoka Manila, hainisikii mimi. Nilizisoma zote kwa sababu ilikuwa kazi yangu kuzisoma, nikampelekea Tobin.

"Watazoea," alisema Tobin.

Dwight ndiye aliyeandika kile kikaratasi tulichoanza kuweka ndani ya kila boksi, cha kuwaelekeza wateja namna ya kusema. Simama wima, vuta pumzi, tamka. Maneno yaleyale.

Kabla mwaka haujaisha, kifaa cha Bi Qiu kikaingia sokoni hapa Marekani. Hakuna tangazo kubwa, kilianza tu kuonekana kwenye kosi za watu, kwanza wazee, kisha wapishi na mafundi ambao mikono yao haiko huru, kisha kila mtu. Bei yake haikufika robo ya bei yetu. Dwight aliagiza kimoja ili akipasue atuonyeshe takataka zilizomo.

Tulikifungua mimi na yeye kwenye meza yetu, chini ya kioo cha kukuzia. Alikuja akitania, ameshika koleo ndogo kama mpasuaji. "Hebu tuone kama wametubandikia gundi ya shule hapa." Baada ya muda utani ukaisha. Alikuwa anageuza ule ulimi wa mtulinga, anausogeza kwenye taa, anaurudisha. Ulikuwa mwembamba kama ukucha wa mtoto. Akapima, akapima tena.

"Wameiba," akasema mwishowe.

"Wameiba kwa nani, Dwight? Sisi kitu hiki hatuna."

"Kwa mtu mwingine basi. Kwa Wajerumani."

"Wajerumani nao hawana. Tulionyeshwa kile chumba, wote watatu. Ulikishika mkononi."

Aliweka koleo chini, akachukua koti lake akaenda nyumbani, na ilikuwa bado asubuhi.

Janelle ni muuguzi Sacramento. Alikuja kwa sikukuu ya Shukrani na watoto wake, na hakuhitaji hata kuvua koti. Alimwona mama yake akitoka jikoni kwa hatua fupi za kukokota, mkono mmoja hauchezi, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Akamuuliza kitu, Marlys akajibu, na Janelle ikabidi ainame kumsikia.

"Mama anaongea hivi tangu lini?"

"Amezoea kunong'ona," Dwight akasema huku anakata bata mzinga. "Nimemfundisha nimechoka."

Janelle alimpeleka mama yake kwa daktari wiki ileile, na akamlazimisha baba yake aende pia. Yaliyosemwa mle ndani aliniambia yeye, amesimama kwenye baraza yangu, mikono ndani ya mifuko, hataki kukaa.

Daktari aliuliza sauti ilianza kupungua lini.

"Haijapungua," Dwight akasema. "Ni uvivu wa kutamka tu."

"Baba, nyamaza."

Daktari akamsogelea Marlys, sikio karibu na mdomo wake, akasikiliza. Kisha akamgeukia Dwight ili amrudishie maneno yake, maana Dwight alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba.

"Anasema ilianza kabla hujaenda China. Anasema kwanza alidhani ni mafua."

Marlys akasema tena kitu. Daktari akainama tena.

"Anasema alikwambia."

Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Daktari alieleza kwamba kwa wengi sauti hutangulia, inazama kidogokidogo, na mgonjwa mwenyewe anaamini anaongea kama kawaida. Wa kugundua ni wale anaoishi nao. Janelle alisema baba yake aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeelekezwa barabara.

Kampuni ilikufa majira ya baridi. Tobin alituita, akasema tulikuwa mbele ya wakati, akalia kidogo, na ndani ya mwezi alikuwa na kazi nyingine kubwa kuliko ile. Siku mitambo ilipozimwa, kila Odela duniani ilinyamaza, maana ndani ya beji yenyewe hamkuwa na akili yoyote, yote ilikuwa kwenye mitambo yetu. Dwight alikuwa amevaa yake dukani. Alinisimulia aliiita mara nyingi, karibu na maziwa, mpaka mtumishi wa duka akaja kumuuliza kama anahitaji msaada.

Janelle akarudi na kile kifaa cha Bi Qiu, kiko kwenye boksi lake. Siku hiyo nilikuwa kwao, nimepeleka supu.

"Hicho hakikai nyumba hii," Dwight akasema.

"Baba, usianze."

"Nimesema kifaa cha wale watu hakikai nyumba hii. Nitamtengenezea changu. Nipe miezi michache."

"Utamtengenezea na nini? Kwa nani? Huna hata meza!"

Marlys alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alinyoosha mkono, Janelle akambania kile kifaa kwenye ukosi, ulimi wake ukagusa mtulinga. Marlys akatafuta kitufe kwa kidole kinachotetemeka, akakibonyeza, midomo yake ikasogea. Na chumba kikajaa sauti ya mwanamke. Haikuwa sauti yake kamili, lakini ilikuwa imechukua namna yake ya kuvuta mwisho wa neno, na ilisikika mpaka jikoni.

"Nyumba hii ni yangu pia."

Janelle akaanza kulia. Dwight alisimama na mkono umeshika kiti.

"Na nimechoka kupiga kelele, Dwight."

Dwight akatoka akaenda gereji. Tulisikia anahamisha vitu, anavirudisha.

Tangu siku ile Marlys alikuwa na sauti tena kwa muuza duka, kwa mchungaji, kwa wajukuu kwenye simu, kwangu. Kwa mumewe hakukitumia kile kifaa. Dwight akiingia chumbani, anakivua anakiweka mapajani. Nilidhani nimeona vibaya, nikamuuliza siku moja tukiwa wawili.

"Alikuwa na miaka thelathini na tano ya kunisikia bure," alisema. "Sasa asogee."

Na Dwight alikuwa anasogea. Nilimwona amepiga magoti kando ya kile kiti, magoti yake ya uzee yanalia, ameweka sikio mdomoni mwa mkewe ili ajue kama anataka chai au maji. Wakati mwingine Marlys alisema mara moja tu, hakurudia.

Bi Qiu alifungua ofisi Fremont, ng'ambo ya ghuba. Niliomba kazi, nikaulizwa mambo ya maana na watu wanaoijua kazi, nikapata. Nilikaa wiki mbili sijamwambia Dwight. Alisikia kwa Janelle, akaja akanikuta naosha gari.

"Umeenda kwao."

"Nimeenda kazini, Dwight. Nina umri wa kuchagua?"

Aliuzungusha mguu wake kwenye mpira wa maji, akautoa. "Mimi niliwaandikia. Mwezi wa pili. Nilimwandikia yeye mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Msichana fulani alijibu. Wanashukuru, nafasi zimejaa." Akausogeza mpira kwa ncha ya kiatu. "Wananisema, pale?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumwambia kwamba ndiyo, wanamsimulia, wanamcheka, hata wanamchukia. Nadhani angelipokea hilo kwa shukrani.

"Hakuna anayekutaja," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza kama gari linatumia mafuta mengi.

Kiangazi Dwight na mkewe waliuza nyumba ili wakaishi karibu na Janelle. Asubuhi ya kuhama nilikwenda kusaidia. Kochi, vitanda na maboksi ya vyombo viliingia kwenye lori la kukodi ambalo Dwight aling'ang'ania kuliendesha mwenyewe. Janelle alimpandisha mama yake kwenye gari lake, akamfunga mkanda, akamwekea mto mgongoni. Marlys alishusha kioo akanishika mkono, akaniambia nisiache kuja, nije na ile supu, na kwamba Sacramento ni jehanamu ya joto lakini wajukuu wako pale. Alicheka. Kile kifaa kilicheka naye, kwa kuchelewa kidogo.

Dwight alizunguka lori akigonga magurudumu kwa kiatu. "Mwambie mama yako mnifuate kwa nyuma," alimwambia Janelle.

"Mama hataki kula vumbi lako, Baba. Sisi tunatangulia."

Walitangulia. Yeye alichelewa kuliwasha lori, ikambidi ajaribu mara kadhaa, na alipofika kona ya barabara gari la Janelle lilikuwa limeshapita taa. Taa ikawa nyekundu. Nilimwona amesimama pale peke yake, kiwiko nje ya dirisha, anangoja.